Mikono Miwili na Magoti Mawili

Sogeeni, wanangu, maana sauti niliyokuwa nikinyamazishia ukumbi mzima wa mahakama imebaki ya kuongea na mto wa kitanda tu. Yande, binti yangu mkubwa, kaa hapa ubavuni kwangu, na hiyo kalamu iweke chini. Wosia wa karatasi uko kwa wakili, una mihuri yake yote, na wewe uliye jaji kama mimi unajua hauhitaji kunakiliwa. Huu ni wa mdomo, na wa mdomo kazi yake ni kusikilizwa. Diene, zima simu. Waziri atasubiri, hata mimi nilimsubirisha sana enzi zile alipokuwa kijana wa kuja kuniomba tiketi za mieleka. Halafu mtu afunge dirisha la barabarani. Hapana, liacheni. Liacheni wazi kabisa.

Kabla sijasema la mali wala la mazishi, nijibuni swali moja, na mkumbuke kwamba nimekaa kwenye kiti cha hukumu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, namjua mwongo hata kabla hajafungua mdomo. Nani anagonga geti?

Muuza samaki! Tangu asubuhi nasikia fimbo inapiga chuma, nikiuliza naambiwa muuza samaki. Muuza samaki gani anayemtukana marehemu bibi yangu kwa jina lake? Muuza samaki gani anayeutangazia mtaa mzima kwamba mtumwa wake amelala mpaka jua limepanda na mpunga haujatwangwa? Diene, mwanangu, niangalie. Huyo ni Famara Badji, Mjola, wakili wa zamani, mtani wangu, na wewe umemwambia mlinzi asimfungulie.

Usijitetee, sababu zako nazijua, nimezisikia jana ukimnong'oneza dada yako pale mlangoni ukidhani nimelala. Ulisema, "Dada, Rais mwenyewe atakuja, mabalozi watakuja, watu wa michezo kutoka Ulaya watakuja. Mzee Famara akifanya vituko vyake tutaficha wapi nyuso zetu? Unakumbuka alivyojilaza kaburini kwa baba mdogo?" Nakumbuka sana! Alijilaza chali kaburini, akakunja mikono kifuani, akasema hilo ni shimo lake, Waserer tumemwibia, na hatoki mpaka apewe mbuzi. Padri alishika kichwa. Imamu aliyekuja na ndugu zetu Waislamu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Na mjane, ambaye alikuwa hajala wala hajasema neno tangu msiba uingie, alicheka, akaomba maji, akanywa. Wewe ulikuwa Paris, ukaiona kwenye simu, ukaona aibu. Sisi tuliokuwa pale tuliona mama wa watu anarudi duniani.

Basi hilo ndilo lililonifanya niwaite leo, na mengine yote ni ya kupita tu. Nataka Famara Badji afanye utani wake kwenye mazishi yangu, wote, bila kupunguziwa, mbele ya Rais na mabalozi na farasi wa gwaride kama watakuwapo. Mkimzuia, hata mnizike kwa mizinga mtakuwa hamjanizika. Nyamaza, Diene. Nitakueleza kwa nini, kisha utaamua mwenyewe, maana sitakuwapo wa kukulazimisha.

Mnajua kwetu ilivyo, ila kujua kwa kuhadithiwa na kujua kwa kuishi havilingani. Wazee wanasema mabinti wawili wa mama mmoja walipanda mtumbwi mmoja, mtumbwi ukapasuka katikati, mmoja akasukumwa na maji kaskazini akatuzaa sisi, mwenzake akaangukia kusini ng'ambo ya Gambia akawazaa wao. Tangu hapo kila Mjola ni bwana wangu na mtumwa wangu, na mimi kwake vivyo hivyo. Atanitukana, sikasiriki. Ataomba kilicho mkononi mwangu, sikatai. Na damu yake mimi siimwagi, wala yeye yangu.

Nilipoteuliwa jaji mara ya kwanza, kule Kaolack, tulikaa watatu mezani, na aliyetuongoza alikuwa Mfaransa mmoja mzee, mtu wa sheria kweli, aliyevaa joho zito jekundu kwenye joto lile bila hata kufungua kifungo. Siku hiyo akaingia wakili mpya kutoka Ziguinchor kule kusini, mrefu, mwembamba, viatu vimeng'aa. Akasimama, akainamia katikati, akainamia kulia, kisha akanitazama mimi niliyekuwa kushoto akasema, "Waheshimiwa majaji wawili, pamoja na huyu mtumwa wangu aliyevishwa nguo za watu, nawasalimu." Ukumbi ukalipuka. Hata mshtakiwa, aliyekuja kufungwa kwa wizi wa ng'ombe, alishika mbavu. Mfaransa akawa mwekundu kuliko joho, akapiga meza, akaamuru askari wamkamate kwa kuidharau mahakama. Ikabidi nisimame mimi. Nikasema, "Mheshimiwa, wakili hajakosea. Mimi ni mtumwa wake kweli. Ila aeleze na yeye mbele yako kwamba bibi yake alinunuliwa na babu yangu kwa kibuyu cha maziwa yaliyochacha." Famara akainama, akasema, "Maziwa hayo tunayadai mpaka leo, hayakufika." Mfaransa alituangalia mmoja mmoja, akafunga kikao, akaagiza tupelekwe hospitali kwa kuwa jua limetupanda kichwani.

Unacheka, Yande. Ndugu yako bado. Nitamngoja.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, na tangu siku ile hakuna mwaka uliopita bila kunidhalilisha hadharani. Nikapanda ngazi za mahakama mpaka Mahakama ya Juu, nikavaa joho jekundu lenye manyoya meupe mabegani, siku ya kuapishwa alikaa mstari wa mbele akanionyesha kwa kidole na kuwauliza watu wa heshima, "Huyu kondoo wamemleta wa nini?" Na waliponichagua mwenyekiti wa Shirikisho la Mieleka, kwa sababu lilikuwa limejaa wezi na ugomvi wakaona afadhali wamweke jaji, Famara alileta gunia la mchanga nyumbani kwangu hapa, akalimwaga sebuleni, akasema, "Jifunze, usije ukatuaibisha." Marehemu mama yenu aliupanda maua ule mchanga. Maua yale ya mlangoni ndiyo hayo.

Sasa sikilizeni hili la kanuni. Zamani mwanamieleka alikuwa haanguki mpaka mgongo uguse. Watu walikuwa wanatambaa kama kaa, wanashikana miguu mpaka jua linazama, na waamuzi wanahongwa kwa sababu hakuna aliyejua nani kashindwa. Mimi nikaandika kanuni kwa mkono wangu: mgongo ukigusa, umeanguka, makalio yakigusa, umeanguka, na mikono miwili na magoti mawili vikigusa mchanga kwa pamoja, umeanguka, hata kama mgongo wako unatazama mbingu. Wazee wa kwetu Sine walinung'unika kwamba nimewatungia sheria ya kizungu. Nikawaambia mzungu gani anapigana mieleka peku. Wakaikubali, ikatumika, ugomvi ukapungua, na miaka ikaenda.

Ikaja ile fainali kubwa. Upande wetu alikuwa Ngor, mtoto wa dada yangu Nyilane, niliyemlea mimi kwa sehemu, aliyekuwa akinywa maziwa ya ng'ombe wangu kila likizo. Mjomba kwetu sisi ni mtu mzito, mnajua. Upande wa kusini alikuwa Kalilou Sagna, kijana mkimya, mabega kama mlango. Na miaka ile kusini kulikuwa na bunduki, watu walikuwa wamezika watoto wao, wakija Dakar walikuwa wanatazamwa vibaya kwenye mabasi. Uwanja ulijaa mpaka kwenye nguzo za taa. Upande mmoja ngoma za Sine, upande wa pili ngoma za Wajola, na katikati askari wenye ngao, na kamanda wao kijana wa mbali, si Mserer wala Mjola, ambaye, kama ulivyo wewe Diene, alikuwa amesoma sana.

Waganga wa Ngor walimwogesha dawa zao zote, chupa baada ya chupa, na mwisho wakammwagia maziwa mgando mwili mzima. Kumbukeni hayo maziwa. Walipokamatana, vumbi lilipanda, mwamuzi akawa upande wa pili, na mimi kutoka kitini kwangu, kwa macho yangu haya, nikamwona Ngor kashuka kwa mikono na magoti, vyote vinne, kitambo kidogo tu, kisha akajizungusha, akamnasa Kalilou mguu, akamlaza chali. Filimbi ikalia. Mwamuzi akainua mkono wa Ngor. Watu wetu wakaruka uzio, wakambeba mabegani, dada yangu Nyilane akavua kilemba akakirusha juu.

Na Wajola wakakata rufaa papo hapo. Wakili wao ni nani? Nyinyi semeni.

Waziri wa wakati ule alinitumia mtu: matokeo yabaki kama yalivyo, watu waende nyumbani. Wajumbe wa kamati walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikasema hapana, rufaa ikikatwa inasikilizwa, na itasikilizwa pale pale mchangani, kwenye kipaza sauti, kila mtu asikie. Wengine waliniambia nijitoe kwa kuwa mshindi ni mpwa wangu, na kisheria walikuwa sawa. Nikalipeleka swali hilo kwa Wajola wenyewe, maana wao ndio wenye haki ya kunikataa. Famara akasema, "Tunamtaka huyo huyo. Akijitoa, mtatuletea mtu tusiyeweza hata kumtukana."

Tukashuka. Na hapa, wanangu, mjue nilichokuwa nakiogopa. Sikumwogopa waziri wala mawe. Nilimwogopa Famara. Kwa sababu mtani akisema mbele za watu, "Mtumwa wangu, nipe huo ushindi," mimi siwezi kukataa, nitampa, watu watacheka, kisha Kalilou Sagna ataishi maisha yake yote akiambiwa alishinda kwa kuombewa. Nilimwona anakuja, kavaa kanzu yake nyeupe, anapepesuka kwa maringo, na uwanja mzima ukajua anakuja kuomba. Akachukua kipaza sauti. Akasema, "Leo mimi si mtani wa mtu. Leo siombi kitu. Nadai." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye pale.

Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, tangu filimbi ilipolia yule kijana hajakanyaga chini, wamembeba wao wenyewe. Mshusheni, lakini msimshushe mchangani, mwekeni juu ya mkeka. Halafu tumwangalie." Wakamweka. Na maziwa yale mgando, yaliyomwagwa ili yamlinde, yalikuwa yameshika mchanga kama unga ulivyoshika samaki anayengoja kukaangwa. Mgongo safi. Kifua safi. Viganja vyote viwili, mchanga. Magoti yote mawili, mchanga.

Watu wetu wakapiga kelele kwamba huenda aligusa kimoja kimoja kwa nyakati tofauti, na hoja hiyo ilikuwa na mashiko, nisingeweza kuipuuza. Mimi niliona, ndiyo, lakini jaji hawi shahidi wa kesi yake mwenyewe. Aliyebaki kujua alikuwa mtu mmoja tu. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kiserer cha nyumbani, sauti ya chini, ila kipaza sauti kikaibeba mpaka juu kabisa: "Ngor, vyote vinne viligusa pamoja?"

Alimtafuta mama yake kwa macho. Nyilane alikuwa amesimama kichwa wazi, kilemba kimeangukia sijui wapi. Kijana akavuta pumzi, akasema, "Pamoja, mjomba."

Ndiyo maana, na hili lisikilizeni vizuri maana ni la mali, ng'ombe wote walioko Sine, wale wa upande wa mama, ni wa Ngor. Kwa desturi yetu ni wake tayari kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu, lakini hata desturi isingekuwapo ningempa. Yande, najua mume wako aliwahi kuuliza bei za ng'ombe wale. Mwambie asiulize tena. Nyumba hii ni yenu wawili, isiuzwe maadamu mmoja wenu anaihitaji. Vitabu vya sheria ni vya Yande. Nishani za michezo, zile za bara na za Ulaya, ni za Diene, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akizifuta vumbi alipokuwa mdogo, nami nilikuwa namwona sisemi.

Maji kidogo. Inatosha.

Nikatoa hukumu. Nikasema Kalilou Sagna ndiye bingwa. Na upande wetu ukageuka. Nimesikia vilio vingi vya watu waliohukumiwa, ila ule ulikuwa mngurumo, na ulikuwa unaniita kwa jina la baba yangu. Mawe ya kwanza yakatua karibu na miguu ya Kalilou. Upande wa Wajola wakaanza kushuka, nao hawakushuka kwa kucheza. Nikamwona yule kamanda anainua mkono wake kuwapa askari ishara, na nikajua mkono ule ukishuka, tutakuwa tunaosha maiti, na vita ya kusini itakuwa imehamia katikati ya Dakar. Hukumu yangu ilikuwa sahihi, na usahihi wake ulikuwa haumsaidii mtu yeyote pale.

Basi Famara akaninyang'anya kofia.

Kofia yangu nyekundu, ile iliyofumwa na mama yangu, akaichomoa kichwani mwangu, akaivaa yeye, akachota mchanga kwa mikono miwili akanimwagia utosini, akashika kipaza sauti akapiga kelele: "Mwoneni mtumwa wangu! Nimemsomesha kwa shida, leo ndio kajua kuhesabu mpaka nne!" Na akatimua mbio, mzee mzima, kanzu kaikunja mpaka mapajani, akiuzunguka uwanja.

Kamanda akashtuka, akaona mwenyekiti wa shirikisho kashambuliwa, askari wawili wakamdaka Famara wakamkunja mkono mgongoni. Na mimi nikasahau umri, nikasahau cheo, nikakimbilia kipaza sauti na mchanga unanimwagikia machoni, nikalia kwa nguvu zangu zote: "Mwacheni! Mwacheni bwana wangu! Mimi ni mtumwa wake!"

Kwanza akacheka mtu mmoja, bibi kizee wa kwetu Fatick aliyekuwa mstari wa mbele. Halafu mstari wake. Halafu uwanja wote ukaangua kicheko, na mkishacheka na mtani wenu mmekwisha, hamwezi tena kumrushia jiwe, ni mwiko. Wazee wa Sine wakaingia mchangani kumfukuza Famara wakidai kofia: "Rudisha, we mla wali!" Na Wajola wakawajibu: "Njooni mchukue, nyinyi mnaolala na ng'ombe!" "Wali umewafanya wazito!" "Uwele umewafanya wasahaulifu, mnasahau hata magoti yenu yalipo!" Walikuwa wanasukumana, wanapokonyana kofia za wenzao, wanaume wazima. Mawe waliyokuwa nayo waliyadondosha kwa sababu mikono ilikuwa inahitajika kushikia mbavu. Na Ngor, aliyepoteza ubingwa jioni ile, alimpandisha Kalilou mabegani kwake akamzungusha uwanja, na ngoma za pande zote mbili zikapiga pigo moja. Tulirudi nyumbani wote. Hakuna aliyekosekana mezani kwake usiku ule, wa kaskazini wala wa kusini. Nimetoa hukumu nyingi, wanangu, nimekaa na wakubwa wa michezo wa dunia nzima, nikapigania mieleka yetu ya mchangani mpaka ikaingia kwenye michezo ya bara, na wazungu wakasimama kunipigia makofi. Kama kuna siku nilikuwa mtu mkubwa, ni ile niliyojiita mtumwa kwenye kipaza sauti.

Dada yangu Nyilane alininunia. Misimu ya mvua ilipita hanisemeshi, akinitumia salamu kupitia mbuzi, kweli, alikuwa anamwambia mbuzi mbele yangu, "Mwambie huyo mtu chakula kipo." Nani alitupatanisha? Famara alipanda basi mpaka Sine, akaketi uani kwake akadai kulishwa, akisema ni bwana wa ukoo, akala kuskusi ya uwele kwa maziwa akaikashifu kila tonge, "Hiki chakula au mchanga wa Ngor?" mpaka dada akampiga mwiko wa kichwa, akacheka, akalia, akaniita kwa jina langu la utotoni. Alifariki tukiwa tunapendana. Hilo nalo nimshukuru nani kama si huyo mliyemfungia nje?

Diene, mwanangu, wewe unanipenda. Unataka nizikwe kwa heshima, na mimi sikulaumu hata kidogo, nakuambia hivi kwa moyo wangu wote. Lakini umefanya kosa la yule Mfaransa na la yule kamanda, na wao walikuwa wageni. Ukisikia mtu anamtukana baba yako kwa sauti ya juu namna ile, ujue huyo ndiye anayelinda nyumba.

Sasa maagizo. Sauti inakwenda, msinikatishe.

Nizikeni kijijini, upande wa Fatick, karibu na Nyilane. Padri asome, imamu aombe, Rais aseme yake, afupishe. Kabla jeneza halijashuka, Famara avae joho langu jekundu, lile la Mahakama ya Juu, akae juu ya jeneza kama kawaida yao, anihukumu. Aseme kila alichonacho. Akiomba mbuzi, apewe. Akiomba kiti cha Rais, ombeni radhi kwa Rais. Kofia ya mama yangu anayo tangu siku ile. Msimdai, wala msimzuie kuivaa. Akimaliza, joho aliache, ni la Yande, atalivaa siku atakapofika pale nilipofika mimi, na atafika. Na msinishushe shimoni kabla Diene hajacheka. Hilo ni sharti. Rais atangoja.

Ngor na Kalilou wabebe jeneza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wasigombanie mbele.

Njooni, nipeni vichwa vyenu niviguse. Roog, Mungu wa babu zetu na wa padri na wa imamu, awape kauli njema na masikio mazuri zaidi. Yande, ukihukumu, uhukumu mpaka mwisho, hata kama ni damu yako. Diene, uwe na mtani. Nyumba isikose mtu wa kuicheka. Mzae, mkae pamoja, mpendane. Amina. Semeni amina. Eeh.

Haya, Diene. Geti. Nenda mwenyewe.

... Anakwenda. Nasikia komeo. Fimbo imenyamaza. Yande, mbona hatukani? Mbona anapanda ngazi kimya kimya kama mkusanya kodi? Ninyanyue kidogo... hapana, acha, siwezi.

Famara. Umekuja. Na kofia yangu umeivaa, mwizi mkubwa. Sema basi. Nitukane. Ala! Wanangu, tazameni, Mjola analia! Mtani halii, Famara, ni mwiko, umesahau? Unafanya nini... inuka, bwana, magoti yako mabovu... umeshuka chini kabisa. Yande, wewe ni jaji, angalia. Mikono miwili sakafuni. Magoti mawili. Pamoja?

Pamoja! Kaanguka! Baada ya miaka yote hii, nimemwangusha, na sikumgusa hata kwa kidole! Andikeni hiyo. Sasa andikeni...

Nini? Sema kwa nguvu, wanangu wasikie. Anakata rufaa. Anasema... anasema mgongo wangu uko kitandani tangu Jumapili. Kwa hiyo nilianguka mimi kwanza.

Diene. Nimekusikia. Umecheka, mwanangu. Umecheka.

Mgongo... ni kweli. Mgongo ukigusa... niliandika mwenyewe.

Rufaa imekubaliwa. Mvisheni joho.